Khanga au picha, kasha au cherehani: kipi kibaki unapopunguza vitu vya nyumba ya wazee

Sufuria zilizotoboka na viti vilivyovunjika havimsumbui mtu. Hutoka siku ya kwanza. Kazi hukwama mbele ya kabati la bibi. Kila kitu kinashikwa, kinafutwa vumbi, kinasimuliwa, kisha kinarudishwa mahali pake. Wiki mbili zikipita, stoo iko vilevile, ila sasa imepangwa, na fleti ya vyumba viwili bado inasubiri mzigo wa nyumba ya vyumba sita.

Kinachokwamisha ni swali tunalojiuliza. Ukiuliza "nakipenda?", jibu ni ndiyo kwa vyote, na haki yako. Swali linalotenganisha vitu ni hili: kumbukumbu imekaa wapi ndani ya kitu hiki? Huenda imekaa katika mwili wake, yaani kukishika, harufu yake, jinsi kilivyolainika kwa kuvaliwa. Huenda imekaa katika kile kilichomo: sauti, sura, maneno. Au imekaa katika kazi yake: kushona, kufukiza udi, kupikia pilau ya watu mia. Kitu cha aina ya kwanza hakina nakala, basi kibaki, ila kipungue idadi. Cha aina ya pili nakili kwanza, kisha chombo chenyewe kinaweza kutoka. Cha aina ya tatu kiende kwa mtu atakayekifanyisha kazi, maana kikikaa bure kinakufa.

Kwa kipimo hicho tumelinganisha vitu viwili viwili, vile hasa vinavyokutwa katika nyumba za pwani, Tanga hadi Lamu na visiwani. Mahali pengine majina yatabadilika kidogo, kazi ni ileile.

Kabla ya kugusa: ni chako?

Kama mwenye vitu amefariki, usitoe hata chetezo cha kufukizia udi kabla mirathi haijajulikana. Kwa Waislamu hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja. Kinachobaki ni haki ya warithi kwa mafungu yao, na kasha na bangili zimo humo. Kwa wengine fuateni msimamizi wa mirathi na sheria inayowahusu. Andikeni orodha ya vitu vyenye thamani, kila kimoja na picha yake, na kila mrithi aipate orodha hiyo. Ugomvi mwingi wa ukoo hauanzii kwenye nyumba wala shamba. Unaanzia kwenye kitu kidogo alichopewa binamu kwa nia njema, mjomba akaja kukiulizia baadaye.

Hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya vifo, wosia na risiti za kodi ya ardhi havimo katika ulinganisho huu. Vinabaki, nukta.

Chagueni pia msimu. Masika, kati ya Machi na Mei, unyevu huingia katika kila karatasi na kila nguo unayoikunja. Kazi hii ni ya Januari na Februari, au ya kipupwe cha Juni hadi Agosti, ambapo nguo zinakauka kweli na sanduku likifungwa halifungii maji ndani.

Khanga za bibi au albamu za picha

Watu wengi hugawa khanga zote kwa siku moja na kung'ang'ania albamu. Sisi tungegeuza mambo kidogo.

Tuanze na nafasi. Picha 100 za karatasi ya kawaida, zikipangwa juu ya nyingine, ni unene wa kama sentimita 2.5. Sanduku la viatu lenye urefu wa sentimita 30 linabeba picha elfu moja. Kwa hiyo anayetupa picha ili apate nafasi anajisumbua bure. Kinachokula rafu ni albamu. Tena albamu zile za karatasi yenye gundi na plastiki ya kufunika juu, zilizopendwa sana miaka ya 1980 na 1990, ndizo zinazoua picha. Gundi yake hugeuka njano na kupenya hadi kwenye sura. Toa picha humo, albamu itupe.

Kuzitoa kuna namna yake. Usiivute picha kwa kona, itakunjika na rangi itapasuka. Chukua uzi wa kusafishia meno, uupitishe nyuma ya picha kuanzia pembe moja, uuvute kama msumeno taratibu hadi upande wa pili. Ikigoma, piga picha ukurasa mzima ulivyo, kisha ukate karatasi ya albamu kuizunguka na uibakishe hivyohivyo. Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue kabisa: ipige ikiwa ndani ya kioo, uhifadhi kioo na picha pamoja.

Ndani ya sanduku, picha nyeusi na nyeupe zina haki ya kwanza. Zikisafishwa vizuri siku zile, hudumu kuliko za rangi, na mara nyingi ni nakala pekee duniani. Za rangi hupauka zenyewe. Zile za miaka ya 1970 nyingi zimeshageuka wekundu. Zinazotoka bila majuto ni hizi: zilizojirudia, zenye ukungu wa kamera, za mandhari bila mtu, na za harusi za watu ambao hakuna aliyebaki ukooni awezaye kuwataja. Hizo za mwisho onyesheni wazee kwanza. Filamu zikipatikana, zibaki kabla hata ya picha, maana picha huzaliwa na filamu. Filamu inayonuka siki tenga mbali na nyingine na uinakili mapema, kwa sababu inaoza, na mvuke wake unaziharakisha jirani zake.

Nakala kwa skana ziwe za nukta 600 kwa inchi (dpi). Picha ya sentimita 10 kwa 15 itatoa takriban pikseli 2,400 kwa 3,600, inatosha kuichapa tena kubwa zaidi ya ilivyokuwa. Kama una simu tu, weka picha karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, zima flashi, simu iwe sambamba na picha. Kwenye kundi la ukoo la WhatsApp itume kama faili. Ukiituma kama picha ya kawaida inabanwa, na baada ya mwaka watu wanadhani nakala ile dhaifu ndiyo yote iliyopo.

Sasa khanga. Kipande kimoja ni kama sentimita 150 kwa 110, na doti ni vipande viwili. Doti 20 zinajaza sanduku la bati. Kumbukumbu yake imekaa mahali pawili: katika jina, yaani yale maneno, na katika mwili wa kitambaa. Jina linanakilika kwa dakika moja. Tandaza khanga kitandani, piga picha mbili, moja nzima ikionyesha pindo la pembeni na mji wa katikati, nyingine ya jina pamoja na maandishi madogo ya pembezoni. Hayo madogo ndiyo yanayosema ilikotoka: "K.H.E. Mali ya Abdulla" ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, na Urafiki ni kiwanda cha Dar es Salaam kilichoanza kazi 1968. Khanga yenye jina kwa herufi za Kiarabu usiitoe kabla ya kumwonyesha anayezisoma, maana huenda ni ya zamani kuliko zote sandukuni.

Baada ya picha, bakisha doti tatu. Moja iwe ile aliyoivaa hadi ikalainika, hata kama imepauka. Hiyo ndiyo yenye mwili wake. Ya pili iwe doti ambayo haijakatwa, vipande viwili bado vimeungana, kama ilivyotoka dukani. Ya tatu iwe yenye jina ambalo ukoo mzima unalitaja kila wakikaa. Zilizobaki zigawiwe, na uzuri wa doti ni kwamba inagawanyika bila kuharibika: dada wawili, kila mmoja kipande chake, jina lilelile. Ni vitu vichache sana vya urithi vinavyokubali hivyo.

Mkitaka kushonesha mfarishi wa viraka, kateni kwanza utepe wenye jina, kisha viraka. Kipande cha 150 kwa 110 hutoa viraka 15 vya sentimita 30 kila upande. Fundi asipoambiwa ataanzia pembeni, na jina litakatika katikati ya neno.

Yanayoharibu khanga zilizohifadhiwa ni manne. Mfuko wa nailoni hufungia jasho la kitambaa na kuleta ukungu; tumia foronya ya pamba. Kukunja mstari uleule miaka kumi hukata nyuzi. Kunja upya kila baada ya miezi sita, sehemu nyingine. Wanga wa kiwandani huita mende. Ile ya kuvaliwa ifuliwe na ikauke kabisa, ila doti isiyokatwa iache na wanga wake na uifungie vizuri. Kabla ya kufua, bonyeza kitambaa cheupe kilicholowa kwenye pembe kwa dakika moja: nyekundu na nyeusi ndizo zinazotoka rangi.

La nne ni naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu wa nguo, na hili tunaomba lizingatiwe. Mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali iliyo ya kawaida katika maeneo yetu ya malaria, akifungwa nguo iliyokaa na vidonge hivyo chembe zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika, akapata manjano na upungufu mkubwa wa damu. Khanga laini za bibi ndizo watu hupenda kumfungia kichanga. Kama sanduku lilikuwa na naftalini, khanga hiyo iwe ya kumbukumbu tu, kichanga atafutiwe nyingine.

Ukilazimika kuchagua kati ya hizi mbili: picha zinabaki bila albamu, khanga zinabaki doti tatu. Na zisikae sanduku moja, kitambaa kina unyevu ambao picha haziupendi.

Kaseti au barua

Zote mbili ni maneno ya watu, lakini barua haihitaji mashine na kaseti inahitaji. Tofauti hiyo inaamua karibu kila kitu.

Barua ikiachwa mahali pakavu itasomeka miaka 50 ijayo. Kaseti inategemea redio kaseti inayofanya kazi, na kila mwaka zinapungua. Kwa hiyo kaseti zishughulikiwe kwanza, hata kama barua ndizo zinazoliza watu.

Zichambueni mafungu mawili. Muziki wa dukani, kaswida na hotuba zilizouzwa sokoni ziko kwa watu wengine pia, hizo zitoke. Zinazobaki ni zile mlizorekodi wenyewe: harusi, maulidi, mzee akisimulia ukoo, na barua za sauti zilizotumwa na ndugu wa ng'ambo wakati kupiga simu kulikuwa ghali. Usiamini maandishi ya juu. Kaseti yenye jina la taarabu mara nyingi ina dakika kumi za mtoto akiimba mwishoni mwa upande wa pili.

Kunakili kunachukua muda uleule wa kusikiliza. Kaseti ya C90 ni dakika 45 kila upande. Kaseti 20 ni saa 30. Hesabu hii inawakatisha watu tamaa wasipoijua mapema, basi pangeni mbili kila jioni. Utaratibu ni huu. Vunja vile vipande viwili vidogo vya plastiki mgongoni mwa kaseti, ili mtu asibonyeze kitufe cha kurekodi akafuta sauti. Peleka utepe mbele hadi mwisho kisha urudishe mwanzo, ulegee. Pangusa kichwa cha redio kwa pamba yenye spiriti, ukiacha kikauke. Unganisha tundu la spika za masikioni la redio na tundu la kuingizia sauti la kompyuta kwa waya, fungua programu ya kurekodi kama Audacity, urekebishe sauti isigonge kiwango cha juu kabisa. Hifadhi kama WAV ya hezi 44,100 na biti 16: saa moja ya njia mbili ni karibu megabaiti 635, saa 30 ni karibu gigabaiti 19. Flashi ya gigabaiti 32 inatosha, ila ziwe mbili, nyumba mbili tofauti.

Sauti ikitoka kama mtu anaongea ndani ya mto, tazama katikati ya mdomo wa kaseti. Pale panapaswa kuwa na kipande kidogo cha sufi juu ya chuma chembamba, kinachosukuma utepe uguse kichwa. Gundi yake hukauka, sufi ikadondoka. Dawa ni kuhamishia magurudumu mawili ya utepe kwenye ganda la kaseti nyingine iliyofungwa kwa skrubu. Ukiona unga mweupe pembeni mwa utepe, ni ukungu. Usiiingize kwenye redio yako pekee nzuri, maana itaambukiza nyingine zote. Kwa kanda za video mambo ni hayohayo, ila unga mweupe ni hatari zaidi kwa mashine, na fundi mwenye vifaa ni nafuu kuliko kujaribu.

Nakala zikishasikilizwa hadi mwisho, kaseti zenyewe zinaweza kutoka. Bakisha moja au mbili zenye mwandiko wa mzee kwenye kibandiko. Kama roho inasita kuzitupa, ni sawa kuzishikilia mwaka mmoja, lakini zihesabiwe katika nafasi yako.

Barua zibaki, isipokuwa bahasha tupu zisizo na mhuri. Usikate stempu: mhuri wa posta ndio unaotoa tarehe na mji pale ambapo mwandishi hakuviandika. Ondoa pini na klipu, hula karatasi kwa kutu. Kabla ya kuziweka mikononi mwa ukoo mzima, mtu mmoja mwenye busara azisome zote. Zipo barua za mume na mke, na zipo zenye siri ya mtu wa tatu aliye hai. Hizo zirudishwe kwa mwenyewe, au zichomwe mbele ya anayehusika.

Cherehani ya miguu au kasha

Hapa ndipo fleti inapoamua, kwa sababu kila kimoja kinataka sehemu ya ukuta karibu mita moja.

Kasha la mbao lenye misumari ya shaba lina faida ambayo cherehani haina: ni kitu cha kumbukumbu kinachobeba vingine. Khanga tatu, sinia, vitambaa vya kitanda, vyote vinaingia humo, na juu yake mtu anakaa. Kwa hiyo likiwa zima, kasha hujilipia nafasi yake. Swali ni kama ni zima. Liinue kwa matofali, utandike karatasi nyeupe chini, uliache wiki mbili. Ukikuta unga laini wa rangi ya mbao mpya juu ya karatasi, wadudu wako kazini ndani. Matundu ya zamani bila unga mpya si neno. Mchwa ni habari nyingine: wao huja na njia za udongo kutoka sakafuni au ukutani, na ukiziona tatizo ni la nyumba, si la kasha peke yake. Usimwagie dizeli ndani. Harufu haitoki, na kila utakachoweka humo kitainukia. Dawa ya mbao ipakwe nje na chini, ndani paachwe.

Kama unaliuza, usipake vanishi wala kung'arisha shaba. Mnunuzi wa vitu vya kale hutafuta ule weusi wa miaka, na vanishi mpya inamfanya ashuku kasha lote, kwa kuwa makasha mapya ya namna hiyo bado yanatengenezwa hadi leo. Vuta pia droo ndogo zilizomo upande mmoja na upapase nyuma yake. Makasha mengi yana nafasi ya siri, na watu wameuza kasha na pete ya ndoa ndani yake. Kama unafikiria kusafirisha vitu vya kale nje ya nchi, ulizia kibali mapema kwa mamlaka ya mambo ya kale. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda hata milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940.

Cherehani ni ya kundi la kazi. Uzuri wake hauko katika kusimama. Uko katika kushona. Kabla ya kuamua, zungusha gurudumu la mkono. Likigoma, huenda si kutu bali mafuta ya kula ambayo mtu aliyatia zamani yakaganda kama gundi. Dondosha mafuta ya taa kidogo penye kila tundu la mafuta, subiri usiku mmoja, zungusha taratibu mbele na nyuma, pangusa uchafu, kisha tia mafuta halisi ya cherehani. Mkanda wa ngozi uliolegea hukatwa sentimita moja au mbili na kufungwa tena kwa pini yake. Usitupe cherehani kwa sababu ya mkanda. Sindano za kawaida, zenye alama HAx1 au 15x1, zinaingia katika Singer na Butterfly nyingi na bado zinauzwa.

Namba iliyogongwa kwenye kichwa cha Singer, yenye herufi mbele, hulinganishwa na orodha za kampuni kujua mwaka wa kutengenezwa. Inasaidia kwa historia ya ukoo. Haipandishi bei sana, kwa kuwa cherehani hizi zilitengenezwa kwa mamilioni.

Wengine huuliza kama wanaweza kubakisha kichwa peke yake. Inawezekana. Kimeshikwa mezani kwa bawaba mbili upande wa nyuma, na chini ya kila bawaba kuna skrubu moja. Zilegezeni, kichwa kinanyanyuka. Ni chuma cha kusubu, shikeni wawili. Kama gurudumu lake lina nafasi za wazi kama spoku, na pembeni pana tundu la skrubu, mpini wa mkono unaweza kufungwa, na utakuwa na cherehani ya mezani inayofanya kazi. Kama gurudumu ni sahani nzima isiyo na nafasi, mpini wa kawaida hautashika, na kichwa kitabaki pambo.

Maoni yetu ni haya: kama hakuna anayeshona ndani ya nyumba, cherehani itoke ikiwa nzima, kichwa na miguu, iende kwa kijana anayejifunza ufundi au kwa ndugu mwenye kazi hiyo. Kasha zima, lisilo na wadudu, libaki. Kasha linaloliwa na wadudu na cherehani inayozunguka vizuri, geuza jibu.

Shaba au kaure

Sinia, mdila wa kahawa, mrashi wa kunyunyizia marashi na chetezo vikipelekwa kwa mnunua vyuma chakavu vinapimwa kilo na kuyeyushwa. Hiyo ndiyo njia mbaya kuliko zote za kuviachia, na inatuuma kila tunapoona chetezo cha harusi tatu kwenye mzani. Vitu hivi vina kazi hadi leo. Mrashi na chetezo viende kwa yule ambaye shughuli za ukoo hufanyikia kwake, iwe ndugu au mama wa mtaa. Sufuria ya shaba nyekundu itazame ndani: kama bati lililopakwa limekwisha na wekundu unaonekana, isipikiwe chenye ndimu, ukwaju wala nyanya hadi ipakwe upya, maana shaba huyeyukia kwenye chakula.

Kaure igonge kwa ukucha. Inayolia ni nzima. Inayotoa sauti butu ina ufa hata kama huuoni. Seti ya vikombe sita inagawanyika kwa wajukuu sita bila neno. Bakuli kubwa au birika haligawanyiki, basi apewe mmoja, na anayekosa apate kitu kingine siku hiyohiyo.

Bangili au riale ya fedha

Kwa dhahabu, mwili wa kitu na bei yake vimeshikana, ndiyo maana maamuzi yake ni mazito. Tazama mhuri wa ndani: 916 ni karati 22, 750 ni karati 18, 375 ni karati 9. Bangili ya gramu 12 yenye 916 ina dhahabu safi ya karibu gramu 11, na hicho ndicho sonara anachokilipia. Gharama ya ufundi hairudi, na mawe yapimwe mbali. Pima kwa masonara wawili kabla ya kukubali. Kama ni lazima kuuza baadhi, tangulizeni mikufu iliyokatika na hereni za upande mmoja, msiguse bangili inayojulikana kwa jina la mtu.

Riale yenye sura ya Maria Theresa huwapa watu matumaini kwa sababu imeandikwa 1780. Zote zimeandikwa hivyo. Ziliendelea kugongwa kwa mwaka uleule hadi karne ya 20. Ina uzito wa gramu 28, na fedha halisi ndani yake ni kama gramu 23. Iliyotobolewa au kuchomelewa kipete ili ivaliwe shingoni imepungua kwa mkusanya sarafu, lakini kwa ukoo imeongezeka: ilikuwa juu ya mwili wa mtu. Usiisugue kwa majivu wala dawa ya meno. Kati ya hivi viwili, riale ndiyo ya kubaki nayo. Nafasi yake ni ya kifungo, na bei yake haitoshi kubadili maisha ya mtu.

Unapompa mtu

Usimkabidhi ndugu kitu mbele ya watu ukamwacha ashindwe kukataa. Muulize kando, kwa picha, ukitaja vipimo: "Shangazi, kasha lina urefu wa mita moja na sentimita kumi, unalo pa kuliweka?" Akisema hapana, asante, usirudie.

Na kila kinachotoka kitoke na maelezo yake. Kwa khanga, andika kwa wino usiotoka kwenye utepe mweupe wa pamba, uushone kwa nyuzi nne pembeni, usitumie pini. Kwa sinia au kasha, karatasi ndani ya bahasha, ibanwe chini au mfunikoni. Picha iandikwe nyuma, pembeni, kwa penseli laini na bila kukandamiza. Isiposhika kwenye karatasi ya plastiki, tia kikaratasi kando yake. Mistari mitatu inatosha: kilikuwa cha nani, kilitumika wapi, nani amempa nani na mwaka gani. Kwa mfano: "Mrashi wa Bibi Mwanakombo. Umetumika harusi zote za nyumba ya Makorora. Amepewa mjukuu wake wa tatu, Februari 2025. Kizibo kimelegea, usiinamishe ukiwa umejaa."